Mpira wa Dripu wa Mzee Sefu

Siku ninaaga karakana, vijana mlinikagua kama maaskari wa forodha. Mlifungua sanduku langu mkitafuta mpira wa Mzee Sefu, ule mwembamba unaopitisha mwanga, mkakuta spana, brashi, vitambaa na kipande cha sabuni. "Mama Wegesa, mpira uko wapi? Usituambie umepotea." Niliwajibu kwamba haujapotea, nikamaliza soda yenu, nikapanda bajaji nikaenda zangu nyumbani. Sasa nina muda. Nimekaa barazani kwangu hapa Musoma na ninawaandikia jibu lote, kwa sababu jibu fupi mngelibishia.

Vyeo nitaviruka. Mishahara pia nitairuka, mnaijua. Nitaanza na siku ya kwanza.

Nilifika nikiwa msichana mwembamba, nina cheti kipya cha ufundi na ovaroli iliyoshonewa mwanaume mwenye kitambi. Karakana yetu, kama mnavyojua, kazi yake ni pikipiki za watumishi wa vijijini: manesi, mabwana shamba, mabwana mifugo. Fundi mkuu alikuwa Mzee Sefu. Mama yake alikuwa Mjita na baba yake alitokea Tabora; mwenyewe ukimuuliza kabila alisema kabila lake ni breki. Nilidhani atanipa ufagio, maana ndivyo walivyofanyiwa wenzangu wote niliosoma nao. Hakunipa ufagio wala spana. Alinionyesha pikipiki zilizopangwa ukutani, zote zenye breki ya diski mbele, akasema, "Binti yangu, bana breki za hizi zote. Kisha uje uniambie ipi ni muongo."

Nilizipitia moja moja. Nikakuta moja ambayo mkono wa breki unakwenda mpaka unagusa usukani, hauna nguvu kabisa. Nikamwita kwa furaha.

"Hii, Mzee."

"Hiyo ni legevu. Legevu inasema ukweli, hakuna mtu atakayeipanda. Mimi nimekuuliza muongo."

Nikarudi ukutani. Mikono ilianza kuuma. Mwishoni nikaipata: ukiibana mara ya kwanza inazama kidogo, kama unakanyaga matope, ukibana tena haraka haraka inapanda, inakuwa ngumu kama jiwe. Ningepita nikaisifu kama nisingekuwa nimeambiwa nitafute.

"Ndiyo huyo," alisema. "Hapa amesimama anajifanya shujaa. Ukifika naye mteremkoni anakukana mbele ya watu."

Ndipo akanieleza jambo ambalo chuoni tuliliandika ubaoni bila kulielewa. Mafuta ya breki hayabanwi. Ukiyasukuma huku, yanasukuma kule, na pedi zinaikamata diski. Lakini upepo unabanwa. Tone dogo la upepo likiingia kwenye njia ya mafuta, nguvu ya vidole vyako inaishia kulibana hilo tone badala ya kulisimamisha gurudumu. Ukipampu haraka, unalificha. Hujalitoa. Kulitoa ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo kazi aliyonifundisha kabla ya kunifundisha kubadili hata plagi.

Pale karakana kazi hiyo ilifanywa na watu wawili, mmoja kwenye usukani, mwingine amechuchumaa kwenye gurudumu na spana namba nane. Walikuwa wakiitikiana kama kwaya. "Bana!" "Nimebana." "Shikilia!" Wa chini anafungua nati ndogo ya kutolea upepo, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga. "Achia!" Wa juu akiachia kabla nati haijafungwa, upepo unarudi ndani, na wa chini anatukana. Nilijifunza matusi ya makabila mengi ya mkoa huu kupitia breki.

Mzee Sefu peke yake ndiye aliyefanya kazi hiyo bila mwenzake, kwa ule mpira. Aliupata namna hii. Mke wake alilazwa, akawa anakaa pembeni ya kitanda siku nzima hana la kufanya. Akamwona nesi anafunga dripu mpya. Kabla ya kuiunganisha kwa mgonjwa, nesi aliyaachia maji yatiririke kwenye mpira, akaugongagonga kwa ukucha mpaka vipovu vyote vikapanda na kutoka. Mzee Sefu alisimama. Mke wake alidhani amepatwa na kitu. "Kumbe wanatoa upepo!" alisema kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Mke alipopona, yeye aliomba mpira mmoja uliopitwa na muda, ambao haukuwahi kuingia kwa mgonjwa, akaja nao kazini kama mtu aliyeleta mahari. Mpira unapitisha mwanga, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Unauchomeka kwenye nati, ncha nyingine unaizamisha kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo, na unaona kwa macho yako mapovu yanavyotoka na yanavyokwisha. Huhitaji kuamini. Unaona.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Bunda, kwenye kituo chetu kidogo pale Nyasura. Bunda kuna joto, vumbi, na vijana wa bodaboda wenye majibu. Mmoja alikuja anasukuma pikipiki yake, gurudumu la mbele limegoma kuzunguka. Nikafungua kikopo cha mafuta kilicho kwenye usukani. Harufu ikanijibu kabla sijauliza.

"Umeweka nini humu?"

"Mafuta, mama. Yalikuwa yamepungua."

"Mafuta gani?"

"Ya injini. Kwani mafuta si mafuta?"

"Hata ya taa ni mafuta. Kesho ukaangie mayai."

Wenzake walicheka hadi wakakaa chini, lakini mimi nilikuwa na kazi. Mafuta ya injini yanavimbisha mipira yote ya ndani ya breki. Inabana na haiachii. Tulibadilisha kila kitu chenye mpira, tukasafisha njia yote. Kwa hiyo nawasisitizia: soma kifuniko cha kikopo, aina ya mafuta imeandikwa pale, weka hiyo na si nyingine. Na chupa iliyokaa wazi tangu mvua zilizopita usiitumie. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa kama chumvi ya jikoni, na hapa kwetu ziwa liko mlangoni.

Niliporudishwa Musoma, Mzee Sefu alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mpira wake aliniachia mimi. Na ndipo ikaja ile kesi ya Nesi Nyangeta.

Nyangeta alikuwa mkunga kwenye zahanati moja mbele ya Murangi. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na hakujua kuipunguza hata akiwa ofisini. Pikipiki yake ilikuja kwetu breki ya mbele imelegea. Tukatoa upepo, ikawa ngumu, akaondoka. Kabla mwezi haujaisha akarudi.

"Fundi, mmenirudishia ugonjwa ule ule."

"Nesi, hii ilitoka hapa nzima. Niliibana mwenyewe."

"Basi inakuheshimuga wewe. Ikifika kwangu inakuwa laini kama uji wa mgonjwa."

Tukabadilisha mipira ya ndani. Ikaondoka ngumu. Ikarudi laini. Tukabadilisha bomba la mafuta. Ikarudi. Safari hiyo afisa usafirishaji wetu, Bwana Marwa, alikuwepo uani. Marwa hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyekwenda kumwokota bwana shamba wetu chini ya kalvati baada ya breki kumkataa, na tangu siku ile hakupenda kusaini pikipiki yenye maswali.

"Nesi, wenzako wanakaa mwaka mzima hawarudi hapa," alisema. "Wewe unabana breki kama unakamua ng'ombe."

"Afisa, ng'ombe wangu wanatoa maziwa. Hii yako haitoi kitu."

Mafundi walicheka. Marwa hakucheka. "Ikirudi tena na ugonjwa huu naipeleka kituo kingine. Sitaki kukuzika."

Nyangeta aliushika usukani wa pikipiki yake kwa mikono yote miwili. Kutoka zahanati yake hadi kijiji cha mwisho anachohudumia ni nusu siku kwa miguu. Wanawake wa kule walikuwa wamezoea kutuma mtu mwenye simu, na yeye kufika kabla mtoto hajafika. Bila pikipiki, mtoto angekuwa anafika kwanza, na mara nyingine bila mama yake. Hilo halikuhitaji kuelezwa.

Niliomba kwa Marwa nafasi moja. Alikubali kwa sharti. Baada ya wiki tatu angekuwa Butiama kwenye kikao. "Ailete mwenyewe, kutoka kwake, baada ya kuifanyia kazi zake zote kama kawaida. Nitaibana mimi. Ikiwa nzima, abaki nayo."

Jioni ile nilikaa na Nyangeta kwenye benchi, tukila dagaa wa kukaanga kutoka kwenye gazeti. Nikamwambia asinieleze ugonjwa. Anieleze tu pikipiki inafanya nini tangu Jumatatu.

"Jumatatu kliniki ya watoto. Jumanne vijiji vya juu. Jumatano tunavuka kwenda kisiwani, Alhamisi tunarudi…"

"Mnavuka? Na pikipiki?"

"Sasa niiache kwa nani?"

"Kwenye mtumbwi inakaaje?"

Akaniangalia kama nimeuliza samaki anakaaje majini. "Inalala. Kama mtu mwingine yeyote aliyechoka."

Wiki ile nilivuka nao. Mtumbwi ulikuwa mkubwa, wa injini, umejaa magunia, ndoo, mbuzi mmoja na akina mama wenye watoto mgongoni. Nahodha, mwanaume mnene aliyeitwa Mugeta, aliinua pikipiki pamoja na vijana wake wakailaza ubavu juu ya magunia, usukani umeinama chini, matairi yakielekea mbinguni kidogo. Nikamuuliza kama haiwezi kusafiri imesimama.

"Mama, ikisimama na ziwa likichafuka inatupindua wote. Humu kinachosimama ni mimi tu."

Alikuwa sahihi. Nikakaa juu ya gunia nikitazama ile pikipiki inavyotikiswa na mawimbi safari nzima. Mafuta yakiwa yamepungua kidogo kwenye kikopo, na pikipiki ikilala hivyo, upepo uliomo juu ya mafuta unakifikia kitundu cha njia ya breki. Kila wimbi linasukuma povu jingine. Hakuna aliyeikosea ile pikipiki, si sisi wala yeye. Ilikuwa inakunywa upepo ziwani.

Lakini la ajabu zaidi niliona tulipofika. Vijana waliisimamisha mchangani, na Nyangeta, huku anaongea na watu, akashika mkono wa breki akaupampu, tap tap tap, mpaka ukawa mgumu. Pembeni yetu mtu mwingine aliyeshuka na pikipiki yake alikuwa anafanya vilevile.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Naiamsha."

"Unaiamsha?"

"Si imelala njia nzima? Kila mtu hapa anaiamshaga kwanza. Ona sasa, imekuwa ngumu. Mbona leo nzima?"

Nikamsikia Mzee Sefu kabisa sikioni. Nikamwambia Nyangeta asogee, asubiri kidogo, kisha abane mara moja tu, taratibu. Ulizama. Akabana tena, ukapanda. Uso wake ulibadilika.

"Ananidanganya," alisema.

"Kila Jumatano."

Mugeta hakuweza kubadilisha ziwa, wala Nyangeta hakuweza kuacha kuvuka. Kilichobaki ni yeye kutoa upepo mwenyewe, nyumbani kwake, kila anaporudi. Kwa hiyo Alhamisi tuliporudi tuliiegesha mbele ya baraza yake na nikatoa ule mpira kwenye mfuko wangu.

Aliuchukua mkononi. Akautazama kwenye mwanga. "Hii si dripu yetu?"

"Ndiyo."

"Na unataka nitoe upepo?"

"Ndiyo."

Akaangua kicheko mpaka kuku wakakimbia. "Dada Wegesa, mbona hukusema tangu mwanzo? Hii ndiyo kazi yangu!"

Nilimpa maelekezo ya kifundi tu, mengine alikuwa anayajua. Simamisha pikipiki mahali tambarare, geuza usukani mpaka kikopo kikae sawa. Funika tangi kwa kitambaa kilicholowa, maana mafuta ya breki yanakula rangi kama mchwa. Futa kifuniko kabla ya kukifungua, vumbi lisiingie. Jaza mafuta mapya mpaka mstari wa juu, na usiache yakaisha katikati ya kazi, ukiyaacha unaanza upya. Weka spana kwenye nati kwanza, kisha mpira, na ncha ya mpira izame kwenye chupa. Kwa kuwa hana mwenzake, nilimkatia kipande cha tyubu ya baiskeli: bana mkono wa breki, ufunge na usukani kwa hiyo tyubu, ushike wenyewe. Shuka chini, legeza nati kidogo, tazama mpira. Mkono ukifika mwisho, kaza nati. Ndipo ufungue tyubu.

Mara ya kwanza alifungua tyubu kabla ya kukaza nati. Mafuta yakarudi nyuma kwenye mpira, na kapovu kakayafuata mpaka ndani.

"Umeona kosa lako?"

"Nimeona. Ni kama mama anayesukuma kabla sijamwambia." Akarudia, safari hii akiongea na breki kwa sauti ile anayotumia kazini: "Shikilia. Shikilia, mama. Bado. Haya, sasa pumzika." Akaugonga mpira kwa ukucha. Kapovu kakapanda, kakatoka, kakapasukia kwenye chupa.

Alirudia mpaka mpira ukabaki na mafuta matupu, bila povu. Akajaza kikopo, akafunga, akamwagia kalipa, kile kishikio cha pedi kwenye gurudumu, maji ya sabuni, akasuuza. Mafuta ya zamani hakuyarudisha, aliyatupa yote. Kisha akabana mara moja. Haukuzama. Akasubiri, akabana tena. Palepale. Nilimwachia vifaa nikarudi Musoma.

Alivuka wiki iliyofuata na ile ya baada yake. Siku ya Butiama nilimfuata Murangi, nikapanda nyuma yake. Sikumuuliza kama alitoa upepo. Nilitaka kuuliza njia nzima, na njia ni ndefu. Tulipita mihogo, tukapita mawe makubwa yaliyobebana, na karibu na Butiama barabara ikashika mteremko wenye kokoto. Katikati ya mteremko, kundi la ng'ombe likatoka nyuma ya jiwe, likavuka bila haraka, na mchungaji wao nyuma anaongea na simu.

Nyangeta alibana. Niliiona mikono yake, haikupampu. Ilibana mara moja, taratibu, kama mtu anayemshika mtoto. Pikipiki ikainamisha pua, kokoto zikaruka, tukasimama. Ng'ombe wa mwisho alitugusa kwa mkia.

"We kijana!" Nyangeta alipaza ile sauti. "Huyo unayeongea naye ana ng'ombe?"

"Hana, mama!"

"Basi kata simu uchunge ng'ombe!"

Bwana Marwa alikuwa nje ya ukumbi wa kikao, kwenye kivuli cha ukuta, pikipiki yake ya kazi pembeni. Hakusalimia sana. Alikuja moja kwa moja kwenye usukani, akabana. Akasubiri, kama nilivyowafundisha nyinyi. Akabana tena. Akabana mara ya tatu, haraka, akitafuta tofauti. Hakuipata.

"Ilivuka?"

"Juzi," alisema Nyangeta. "Na wiki ya kabla yake."

"Nani aliitoa upepo?"

"Mimi. Barazani kwangu."

Marwa alinitazama. Nikatazama pembeni, jibu halikuwa langu. Alivuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo wa mwaka mzima. "Basi ni yako," alisema. "Endelea nayo."

Nyangeta alimshukuru. Kisha, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono akabana breki ya pikipiki ya Marwa. Akasubiri. Akabana tena. Akainua nyusi.

"Afisa. Wewe nawe umekuwa ukivuka?"

"Mwezi uliopita. Nilikwenda kukagua kisiwani. Kwa nini?"

"Na ulipofika uliiamsha."

"Si kila mtu anaiamsha?"

Nyangeta aliomba maji kwa mama mmoja pale jirani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama anavyonawa kabla ya kumpokea mtoto. Akafungua mkoba wake wa kazi. Pembeni ya mkasi na glavu, umeviringishwa kwenye kitambaa safi, ulikuwapo mpira wa Mzee Sefu. Niliuona, na nikajua sitauomba tena.

Kwa hiyo msiutafute kwenye sanduku langu. Uko Murangi, kwenye mkoba wa mkunga, na dripu iliyopitwa na muda haikosekani mjini. Tafuteni wa kwenu.

Mimi siku ile nilikwenda kukaa juu ya jiwe na soda yangu. Nesi alichuchumaa kwenye gurudumu, spana mkononi. Afisa alisimama kwenye usukani, tai yake ameitupia begani.

"Bana," Nesi alimwambia.

"Nimebana."

"Shikilia. Na usiachie mpaka nikwambie."